Ukuta Usiobeba Kitu

Vuta kigoda ukae. Simu igeuze ilale kifudifudi, maana nikianza hii sipendi mtu anachati katikati. Na usije kuniambia hizi ni za kusikia. Mi nilikuwepo. Flora ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na nyumba yenyewe mpaka leo ipo Kabasa, Bunda mjini. Ukitaka nakupeleka. Ila ndani utaingia mwenyewe.

Ilikuwa mchana wa kawaida tu. Mi nakaaga Mwisenge, Musoma, naendeshaga boda. Ile wiki pikipiki ya bosi ilikuwa imeua injini, sina kazi, nikaona niende kwa dada nikale bure mpaka itengenezwe. Nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba anachambua dagaa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Evance, umekonda kama samaki kamongo wa kiangazi. Huko Mwisenge mnakulaga nini, upepo?"

"We mwenyewe jiangalie, dada. Hiyo kanga inakuzunguka mara ngapi?"

Akacheka kidogo. Halafu akanyamaza, kichwa kakiinamisha upande mmoja, mikono imetulia juu ya ungo.

Kumbe alikuwa anasikiliza.

Ndani mtoto wake, Ryoba, alikuwa amelala. Mtoto wa umri wa chekechea. Nyumba kimya, kuku tu wanaparura. Tukamsikia anasema, sauti ya usingizi, neno moja.

"Nipo."

Flora akanishika mkono. Vidole vyake vina magamba ya dagaa, na vimepoa, na jua lilikuwa kali. Akaninong'oneza, "Umemsikia aliyemuita?"

Mi sikusikia mtu.

"Hata mi sisikiagi," akasema. "Namsikiaga yeye tu anajibu."

Sa ngoja nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa. Flora hakuolewa na mwanaume. Aliolewa na bibi. Usicheke. Kwetu Mara ipo, tunaita nyumba ntobhu. Mama mtu mzima, mjane, hakujaliwa mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe anaoa msichana. Msichana anazaa, watoto wanakuwa wa yule mama, wanabeba jina la marehemu mume wake. Mwanaume wa kuzalisha anatafutwa tu, kazi ikiisha anaenda zake, hana chake pale. Ndivyo Bibi Petronila alivyomtoa Flora kwetu Butiama, mi nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Ng'ombe zikaja nyumbani, Flora akaenda Bunda.

Na sitamsingizia marehemu. Alimlea dada yangu vizuri. Hakumpiga, hakumnyima. Mi mwenyewe sare za sekondari alininunulia yeye, ni akili yangu tu haikutulia nikaacha njiani. Mtoto alipozaliwa dume, yule bibi alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Akampa jina la mume wake, Ryoba.

Si unajua bibi zetu, mjukuu wa kiume wanamwitaga mume. Utani wa kila siku. Ila kwa Bibi Petronila ule utani ulikuwa na uzito wake, maana jina lilikuwa lile lile.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma na bati, silingi hamna. Sebule mbele, nyuma vyumba viwili vimepakana, cha bibi, na cha Flora na mtoto. Sasa ule ukuta wa katikati bibi aligoma usifike juu. Uliishia usawa wa juu ya mlango, halafu hapo wazi mpaka kwenye bati. Alisema anataka amsikie mume wake akikohoa. Basi kila mchana baada ya kula, amejilaza chumbani kwake, anaita kupitia juu ya ukuta.

"Mume wangu, upo?"

"Nipo."

Anarusha karanga moja juu ya ukuta. Inadondokea kitandani kwa mtoto, mtoto anacheka, anaitafuta kwenye shuka. Ndo ilikuwa raha ya ile nyumba. Ukiwa nje unasikia tu: upo, nipo, halafu kicheko.

Bibi akafa masika, presha. Tukamzika kwao Butiama, pembeni ya mume wake. Watu wa ukoo wakagawana nguo, wakagawana vyombo. Kitanda chake wakakiacha, maana ni cha mninga, kizito, na gari lilikuwa limeshajaa. Cha Flora kilikuwa kimevunjika chaga. Tukamsaidia kuhamisha kile cha bibi akakiweka chumbani kwake, akawa analala humo na mtoto. Chumba cha bibi kikabaki kitupu. Hakuna aliyeona ubaya. We ungeacha kitanda cha mninga kwenye chumba kitupu, watu wanalala chini?

Baada ya hapo ndo "nipo" zikaanza.

Mwanzoni Flora alidhani mtoto anaota, amezoea. Lakini mtoto akaacha kula. Anawekewa sahani anaisukuma, anasema kashiba, bibi kampa. Mchana mmoja Flora akaingia akamkuta amelala usingizi mzito na anatafuna. Akamfungua mdomo kwa kidole. Karanga. Mbichi, na ganda lake, na ina udongo mbichi, kama imeng'olewa shambani muda ule ule. Na ilikuwa kiangazi. Mashamba yote ya Bunda yalikuwa vumbi.

Dispensari wakapima malaria hamna, minyoo hamna. Wakasema mpe uji wa lishe. Mtoto akaendelea kukauka. Mi nilipomuona ile siku nilishtuka, shingo kama kijiti cha mtama. Akatoka nje anapikicha macho, akanisalimia vizuri, shikamoo mjomba, akakaa kwenye paja langu. Hana uzito.

"Mjomba, pikipiki yako imekufa?"

"Imekufa, mwanangu."

"Bibi naye amekufa," akasema. "Ila anapumua."

Flora akainuka akaingia jikoni. Nilimsikia anapuliza moto ambao haukuwa umezima.

Utaniuliza kwa nini asimchukue mtoto akatoroka. Ndo hapo. Kwenye ndoa za hivi, mwanamke akiondoka, anaondoka yeye. Mtoto anabaki. Siyo wake, ni wa ukoo wa bibi. Wangemfuata popote, na sheria ya nyumbani iko upande wao. Kwa hiyo Flora alikuwa na mawili, akae na mtoto kwenye ile nyumba, au amuache humo aende. Kumuacha asingeweza. Katekista Bernado alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka kila kona. Akiwa anatoka Flora akamuuliza kama yataisha. Yule mzee akashika kofia yake akasema, "Mwanangu, mi naombea watu. Nyumba ni ya mwenyewe."

Na mwenyewe ni nani, hakusema.

Jioni ile Flora akaniambia wazo lake. Alikuwa analiwaza muda.

"Sauti inapitaga juu ya ukuta. Alikuwa anaitia pale, karanga alikuwa anarushia pale. Nikiongeza ukuta mpaka bati, atapitia wapi?"

Nikafikiria, nikaona ina maana. Tukamtafuta fundi Felisian, mtaa wa pili, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake umenyooka. Akaja kesho yake asubuhi. Akaugonga ule ukuta kwa kiganja kama mtu anayegonga mgongo wa ng'ombe mnadani.

"Hii ni patisheni tu. Haibebi kitu. Kenchi zenu, hizo mbao za paa, zimekalia kuta za nje, umeona? Hata mkiiangusha yote leo, paa litabaki linawaangalia. Kuongeza kozi kadhaa za tofali juu ni kazi ya kabla ya ugali." Akamgeukia Flora. "Huu ukuta ni kama waume wengine, shemeji. Wamesimama tu nyumbani, mzigo wamebeba wengine."

"Jenga, Felisian. Umbea utauuza kesho."

Mtoto tukampeleka kwa jirani, Mama Jeska. Felisian akafunga jukwaa lake kwenye kile chumba kitupu cha bibi, akawa anajengea kutokea huko. Chumba cha pili, chenye kitanda, tukakifunga mlango vumbi lisiingie. Mi nachanganya mota ya saruji nje, naleta kwa ndoo, Flora yuko jikoni. Felisian anaimba nyimbo za kwaya, anakosea maneno. Kozi ya kwanza ikapanda. Ya pili.

Akaacha kuimba.

"Evance. Mwambie shemeji aache kunifutia mota huko upande wa pili. Bado mbichi, atazisukuma tofali."

"Flora yuko jikoni."

"Basi huyo nani?"

Nikatoka, nikazunguka, nikafungua kile chumba. Hamna mtu. Kitanda kimetandikwa. Nikaangalia juu. Mota ikibanwa kati ya tofali inatokezaga nje, inaning'inia, mpaka fundi aikwangue kwa mwiko. Upande ule haikuwa inaning'inia. Ilikuwa imepakwa, imelainishwa kwa kiganja, mviringo mviringo, kama wamama wanavyosiriba nyumba ya udongo. Na ilikuwa inang'aa bado. Maji yake hayajakauka.

Nikarudi kwenye ndoo yangu. Felisian aliniangalia usoni akajua. Akaweka tofali, akaligonga na kitako cha mwiko, ko, ko, likae.

Upande wa pili ukajibu. Ko. Ko.

Hakuteremka. Nadhani alihofu kuteremka kuliko kumaliza. Alijenga haraka sijawahi kuona mtu anajenga vile, jasho linadondokea kwenye mota. Kila akiweka, upande ule unagongwa, unafutwa. Juu kabisa akaacha nafasi ya upana wa kidole, bati lisilalie ukuta, akaziba na karatasi la mfuko wa saruji. Akakusanya vifaa, jukwaa akaliacha. Chai ilikuwa tayari, hakunywa. Kwenye kona ya nyumba akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Dogo. Yule wa upande ule alikuwa ananiharakisha. Alikuwa anataka iishe."

Nikamwambia Flora vyote, sikumficha. Akaweka ungo chini. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu ndo linaniumaga mpaka leo.

"Basi amekubali," akasema. "Amejifungia mwenyewe kwake. Amekubali kutuacha."

Mtu akiwa amezama anashika chochote. Mi nikashika naye.

Na kweli kukawa kimya. Mchana mtoto analala, Flora amekaa kivulini na ungo wake, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Hamna "nipo". Siku ile hamna. Kesho yake hamna. Flora akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Akasuka nywele. Mtoto tu ndo hakunenepa, lakini tukasema taratibu, mwili haurudi siku moja.

Sasa mchana mmoja nikaingia ndani kuchukua chaji yangu. Mlango wa chumba cha mtoto umerudishiwa. Nikapita, nikasimama. Kuna mtu ananong'ona.

Nikaweka sikio kwenye mlango.

Ilikuwa sauti ya Ryoba. Chini sana, ile ya mtu anayeongea na aliyelala naye mto mmoja.

"Nipo," akasema. Akanyamaza kama anasikiliza. "Nipo." Akanyamaza tena.

"Hapana. Mama hasikii siku hizi."

Nikausukuma mlango. Ukafunguka kidogo, nikaona kitanda. Mtoto amelala ukingoni kabisa, amejibana pembeni kama mtu aliyempisha mwenzake. Na sehemu nyingine yote ya kitanda, godoro limebonyea. Urefu wa mtu mzima. Shuka limekaza, halina mkunjo.

Halafu likabonyea zaidi kidogo. Kama mtu amegeuka kuniangalia.

Hapo ndo akili ikanifunguka. Kitanda. Sisi tulidhani bibi yuko chumbani kwake. Bibi alikuwa analala kitandani kwake, na kitanda tulikibeba wenyewe tukakiweka kwa mtoto. Ile nafasi ya juu haikuwa njia yake. Ilikuwa sikio letu. Flora alikuwa anasikia "nipo" kwa sababu ya ule uwazi, sauti inavuka chumba kitupu inatokea dirishani anapokaaga kivulini, anaingia, anamuamsha mtoto, anamtoa karanga mdomoni. Tumeuziba kwa mikono yetu. Na yeye alitusaidia kuuziba.

Nikapiga hatua niingie. Mlango ukanirudi. Haukubamizwa. Ulinirudi taratibu, kama unavyomsukuma mtoto wa mtu nje kwa heshima. Komeo likalia ndani. Lile komeo liko juu, Ryoba hafikii hata akisimama kitandani.

Nikampigia Flora kelele. Sikumbuki nilisema nini. Alikuja mbio na kisu cha jikoni mkononi. Nikapiga teke mlango. Tena. Ni mlango wa mbao nyembamba, nimeshawahi kuvunja migumu kuliko ule, lakini ilikuwa kama napiga teke mwamba. Tukazunguka dirishani. Nondo. Flora akavuta pazia kwa kisu.

Ryoba amekaa katikati ya kitanda. Ametupa mgongo. Anaangalia ule ukuta.

"Ryoba. Baba. Njoo kwa mama."

Hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yanacheza. Anatafuna.

"Ryoba, mwanangu, tema. Tema, baba."

Alikuwa anatafuna na kumeza, anatafuna na kumeza, na mkono mdogo unanyooka pembeni kupokea nyingine. Hatukuona inatoka wapi. Tuliona tu mkono unarudi umejaa. Na shingo ile nyembamba ikaanza kuvimba, inasukuma kushuka, na haishuki.

Anakabwa, na haachi kupokea.

Nikakimbia kwa Felisian. Nilimkuta anakula. Nikamwambia avunje zile tofali za juu, mi nitaruka nimtoe mtoto. Alitaka kukataa, nikamuona. Halafu akachukua nyundo. Nashukuru, yule mtu angeweza kukataa.

Akapanda jukwaani chumba cha bibi. Akainua nyundo, akagonga tofali la juu kabisa.

Paa likalia.

Siyo bati tu. Nyumba nzima. Misumari ikalia, mbao zikalia, vumbi likamwagika kutoka kwenye kenchi. Felisian akashusha nyundo. Akaingiza kidole juu ya ukuta, pale alipoacha nafasi. Hakikuingia. Karatasi la saruji lilikuwa limebanwa limekuwa kama jani kavu. Mbao zimekaa juu ya tofali, zimezama.

"Imelaliwa," akasema.

"Ulisema haibebi kitu."

"Haikuwa inabeba." Alikuwa ananong'ona kabisa sasa. "Evance, mzigo ulioko hapa juu siyo wa bati. Nikitoa tofali moja, paa lote linamwangukia mtoto."

Ufa mwembamba ukaanza kushuka ukutani, kutoka juu, unatembea kwenye mota. Taratibu. Felisian akateremka kinyumenyume, hataki kuuondolea macho.

Flora alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Kisu kakidondosha. Akapita katikati yetu, akaenda mpaka kwenye ule ukuta, akaweka paji la uso kwenye tofali. Akaanza na lugha ya nyumbani, chini sana, yale maneno mke anamwamkiaga mume asubuhi. Halafu Kiswahili.

"Mama. Ni mimi. Ng'ombe ulinitolea mimi. Siyo yeye. Yeye ni mtoto, anakuitikia kwa sababu hajajifunza kukataa. Mimi nimejifunza, na nakuitikia. Ulinioa mimi. Niite mimi."

Ufa umesimama.

"Mkeo ni mimi, mama. Niite."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, bega kwa bega. Naapa sikusikia kitu. Lakini yeye akainua uso kama aliyesikia, machozi yanashuka, akajibu.

"Nipo."

Paa likashusha pumzi. Ndo neno ninalo. Lile karatasi la saruji likapeperuka likadondoka, na juu ya ukuta ukaonekana mwanga, upana wa kidole, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Na pale pale magoti ya Flora yakajikunja. Umewahi kumuona mwanamke anatwishwa ndoo kubwa kabla hajajiandaa? Hivyo hivyo. Akashika ukuta, akayumba, akajinyoosha. Siyo mpaka mwisho.

Komeo likalia chumba cha pili.

Ryoba alikuwa amesimama mlangoni, ganda moja la karanga limeshikana kwenye kidevu, shingo imerudi.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Alikula ugali na furu wa kukaanga, akala mpaka miiba akawa anaifyonza. Flora alimuangalia hajakaa chini, kaegemea mlango, mkono mmoja kauweka begani. Mi na Felisian tulijaribu kukitoa kile kitanda nje. Kitupu, godoro tumetoa, wanaume wawili. Hakikunyanyuka hata mguu mmoja.

Jua halijashuka nikampakia mtoto kwenye gari la Musoma. Flora alikataa kuja.

"Mi nikitoka, ataitwa nani?"

"Na ukoo wakimuulizia?"

"Wakikuta mi nipo hapa, hawatauliza. Nitasema yuko shule kwa mjomba wake." Akanishika kola ya shati kwa nguvu. "Evance. Usimlete hapa. Hata nikikuita mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, nalia, usimlete. Sema."

Nikasema. Nikaapa.

Sasa hivi Ryoba yuko Mwisenge. Amenenepa, ni mtundu, anasoma chekechea, mchana analala ananikoromea. Haongei usingizini. Ila kila siku akitoka shule anauliza mama anakuja lini, namwambia kesho, na kesho yenyewe unaijua.

Flora amebaki Kabasa. Nikipata nafasi naendaga kumuona, na kila nikienda amepungua kimo. Bega la kushoto limeshuka, kichwa kimeelekea chini. Analala kwenye kile kitanda, upande wa ukingoni. Nilimpeleka hospitali, akapigwa picha. Daktari aliishika ile picha kwenye mwanga muda mrefu, akamuuliza kazi yake ni nini, kwa sababu mifupa ya shingo imekaa kama ya mtu aliyebeba mzigo maisha yake yote. Flora akajibu yeye ni mama wa nyumbani tu. Ana miaka michache kuliko wanawake unaowaona wanacheza netiboli pale uwanjani.

Mwezi huu nimefika nikamkuta Mama Jeska anamsugua mgongo, maana mwenyewe mkono haufiki tena. Akaniita nije nione. Juu ya bega la Flora kuna alama. Imenyooka, ya kijivu, upana wa tofali. Mama Jeska amejaribu sabuni ya kipande, amejaribu mafuta ya taa. Haitoki. Akisugua sana, vinadondoka vipande vidogo kwenye kanga. Nikaviokota, viko humu kwenye karatasi. Shika. Sikia vilivyo vigumu. Mi nimechanganya saruji, naijua saruji.

Nikamuuliza dada, inauma?

Akasema inaongezeka. Akasema hatafika masika, na hilo hata mi naliona kwa macho. Halafu tangu juzi ananipigia simu. Asubuhi, mchana, muda wowote. Analia. Anasema nimletee mtoto amshike mara moja tu, amnuse kichwa, halafu nirudi naye. Ile sauti ni ya dada yangu, naijua toka tukiwa wadogo. Sijui kama anayeongea ni yeye.

Nikimpeleka, huenda nampeleka kuitwa tena. Nisipompeleka, na kama ni Flora kweli, anakufa peke yake chini ya ule mzigo hajamuona mtoto ambaye kwa ajili yake aliubeba.

Simu yangu hiyo inaita tena, unaiona, ni yeye. Sa we niambie, ungekuwa mimi ungempeleka mtoto?